Tulipita Getini

Siku hizi nikienda Tunduma kuuza parachichi, watu hawanisalimii kama zamani. Mtu anapunguza mwendo, ananitazama miguu kwanza, halafu ndiyo anasema, "Shikamoo bibi. Naona timu yetu haishikiki." Anasema huku anatabasamu kama tunajua jambo mimi na yeye. Namjibu marahaba, na palepale namwambia, "Anayeshinda ni kocha. Mimi nauza parachichi." Anacheka. Ananunua mawili, anaondoka, na najua hakuniamini.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Shule niliishia darasa la nne, nikatolewa nikalee wadogo zangu, kwa hiyo msitegemee maneno ya mapambo. Kocha wa timu ya makuli, wale vijana wanaopakia na kupakua malori pale mpakani, ni mjukuu wangu. Ni mwanamke. Timu ilisimama kwa kazi yake, haikusimama kwa ajili ya kikongwe aliyetangulia getini. Kikongwe huyo ni mimi, na ninajua nilichobeba siku ile. Nilibeba kigoda na ndoo ya mahindi ya kuchemsha.

Nianze mbali kidogo ili mumjue.

Mama yake, binti yangu, alikuwa anafanya biashara ya vitenge kati ya Tunduma na Nakonde ya Zambia, na biashara ya mpakani haitaki mtoto mgongoni. Akaniletea mtoto hapa Hasamba, bado hajaota meno vizuri. Nikamlea katikati ya mibuni. Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, mume wao mmoja, babu. Nilimwita mke mwenzangu tangu hajui kutembea, naye alipojua kusema akaniita mke mkubwa. Akinikosea nilikuwa namwambia, "Nenda kwa mume wako akakupikie." Anakwenda kweli, anamkalia babu yake mapajani, na babu anamchomea mhogo. Ndoa yao ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Mpira aliuanzia kwenye shamba la mahindi. Tukishavuna tunakata mabua, vinabaki visiki vifupi vimesimama kama misumari. Watoto wa kiume walikuwa wanacheza hapo na mpira wa matambara waliousuka kwa kamba za migomba, na huyu akaingia katikati yao. Ukicheza kwenye visiki vya mahindi bila viatu, ama unajifunza kuinua mguu na kuupitisha mpira mahali pembamba, ama unarudi nyumbani unachechemea. Baadaye watu wa mjini walimsifia chenga zake, wakamuuliza nani alimfundisha. Vilimfundisha visiki.

Basi kina mama wa kanisa wakaniletea kikao jikoni. Walikuja watatu, wamefunga vitenge vya sare, wakakaa, wakakataa chai, nikajua ni zito.

"Mama, tunasema kwa upendo," akasema mkubwa wao. "Yule mtoto anacheza na wavulana, mapaja nje. Atakosa mume."

Nikawaonyesha kwa kidole uani, babu yake kakaa juani anakunywa togwa. "Mume anaye, yule pale. Nendeni mkamwambie nyie."

Wakaenda, ujasiri wanao. Babu akawasikiliza mpaka mwisho, akafuta midomo, akawaambia, "Mke wangu mdogo akitaka kukimbia, akimbie. Huyu mkubwa naye alikuwa anakimbia, ndiyo maana nilichelewa kumkamata." Walirudi jikoni wakanywa ile chai.

Mashindano ya shule ndiyo yaliyomtoa. Wakamwona, wakamchukua Dar es Salaam, akacheza timu za wanawake kule miaka mingi. Siku moja wakasema mechi yao itaonyeshwa. Nikashuka Mlowo, kwenye banda la kuonyeshea mpira, nikakuta wanaume watupu wamejazana na jasho lao.

"Bibi umepotea," mmoja akasema. "Huku hakuna maombi."

"Nimekuja kumwona mke mwenzangu," nikamwambia, "sogea."

Wakanipisha kwenye benchi la mbele. Sikuelewa mchezo wenyewe, macho yangu yalikuwa kwenye ile miguu niliyoipaka mafuta ya nazi. Mara akaja msichana mrefu kumzuia, mjukuu wangu akaupitisha mpira katikati ya miguu yake, akaenda kuuchukua upande wa pili kama mtu aliyesahau ufunguo. Banda likalipuka. "Tobo! Tobo!" Nikauliza tobo ni nini, wakanieleza wote kwa pamoja. Nilirudi Hasamba nikamweleza babu, nikamfanyia mfano na parachichi, likaviringika mpaka kwa mbuzi.

Halafu goti likakatika ndani. Si mfupa, ni zile kano zinazoshika mfupa. Walimpasua, wakamshona, wakamwambia atatembea vizuri ila mpira wa kushindana basi. Akarudi kwangu na fimbo, mtu mzima sasa, kanyamaza kama nyumba yenye msiba. Majirani wakaanza. "Sasa mpira umempa nini? Hana mtoto, hana nyumba, goti bovu." Nilikuwa nawajibu, "Kawapa nyie cha kusema." Lakini msiwe na shaka, nilikuwa naumia.

Ulikuwa msimu wa kahawa. Nikampa kazi ya kukaa, achambue matunda kwenye mkeka, mabivu huku, mabichi kule. Nikirudi kutoka mtoni nakuta kachanganya kila kitu. Mabivu kumi na moja hapa, mabichi mengine yameyaelekea, mengine kayasogeza pembeni.

"We mtoto! Unaniharibia kahawa! Hili la kijani, hili jekundu, hata mbuzi anaona!"

"Mke mkubwa, hebu kaa. Ukimtoa huyu hapa akapanda mbele, nani anabaki nyuma?"

Nikatazama. "Hakuna."

"Eeh! Ndivyo tulivyofungwa ile mechi uliyoangalia."

Alinieleza mpaka jua likazama na kahawa haikuchambuliwa. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, mikono yake ilikuwa inaruka akisema. Nikamwambia babu, "Huyu hajamaliza."

Akaenda kusomea ukocha. Akafundisha watoto wa shule Ihanda, akafundisha wasichana, na mwisho timu ya makuli ikamchukua. Msidhani walimpenda. Kocha wao alikuwa ameondoka, ligi ya mkoa imeanza, na mwenyekiti wa timu akaona amweke huyu hapo mpaka apatikane mwanaume. Mwenyekiti ni wakala wa kutoa mizigo mpakani, mtu wa simu mbili, anaongea na wewe kwenye sikio moja na mwingine kwenye la pili, hujui salamu ni yako au ya Lusaka.

Wachezaji wenyewe madume ya mabega. Siku ya kwanza golikipa, jitu refu kuliko mlango wangu, akamuuliza mbele ya wenzake, "Kocha, tukikosea utatupiga na mwiko?"

"Mwiko ni wa watu wanaojua kuivisha kitu," akamjibu. "Wewe hata krosi hujui kuidaka."

Wakamcheka golikipa, si yeye. Hapo alianza vizuri.

Na sasa nitaje kazi aliyoifanya, maana hii ndiyo watu hawaisemi. Aliwatazama wiki nzima, hakuwafundisha kitu. Alikwenda mpaka kwenye malori, akasimama kwenye vumbi akawaangalia wanavyobeba magunia. Akagundua wote wanabeba bega la kulia. Miaka na miaka, bega la kulia. Mtu aliyezoea hivyo anageuka upande mmoja tu. Uwanjani adui akimpitia upande mwingine, anageuka kama lori lenye tela. Akawaambia, "Kuanzia leo magunia bega la kushoto." Walimtukana, walilalamika wanaanguka, mabosi wao walilalamika kazi inachelewa. Akakaza. Jioni akawafundisha kugeuka, kugeuka, kugeuka, mpaka wakapata kizunguzungu. Hiyo ndiyo dawa, mkiitaka.

Lakini timu zetu huku zina kamati nyingine. Wanaiita kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe si wa mpira, ni wa mganga. Imani yao ni hii: geti kubwa la kuingilia timu ndipo wapinzani wanapotega uchawi. Wa kwanza kupita ndiye anayeukanyaga, na timu yake imekwisha. Basi utakuta geti liko wazi, pana, halina mtu, na vijana wazima wanapanda ukuta nyuma ya vyoo.

Mjukuu wangu alilikuta hilo, akataka kulikataa. Mwenyekiti akamwambia, "Kocha, mambo ya uwanjani ni yako. Mambo ya kuingia uwanjani ni yetu." Alikuwa mgeni, akawaachia. Siku ya mechi wakapanda ukuta. Juu ya ukuta mwenye uwanja alipanga vipande vya chupa ili watu wasiingie bure, wao wakatandika gunia juu yake. Golikipa akavua glavu apate kushika vizuri. Akapanda na ule uzito wake wote, gunia likateleza, na kiganja kikachanika kama nyanya. Alidaka mechi nzima na kitambaa mkononi. Mashuti yalikuwa yanapita mikononi kama sabuni. Walifungwa mpaka watoto wakaacha kuhesabu.

Kamati ikakaa. Mngedhani watasema, jamani, ukuta umetuponza. Wapi! Walisema mkosi ni mwanamke. Mwanamke ameshika mipira, mwanamke ameingia chumba cha wachezaji, dawa ya gharama imekufa kwa sababu yake. Wakampa mechi moja. Akishindwa, aondoke. Na katika mechi hiyo asivuke mstari wa uwanja kabla ya kipenga, na timu itaingia inavyotaka kamati.

Akaja Hasamba kunieleza. Alikaa kwenye jiwe la jikoni, mguu mbovu kaunyoosha.

"Glavu zake zilichanika?" nikamuuliza.

"Hapana. Alizivua."

"Basi ile dawa ilifanya kazi. Ni dawa ya kuchana watu."

Hakucheka. "Bibi, wakinitoa hapa, hakuna timu ya wanaume itakayonichukua tena. Watasema alijaribiwa akashindwa. Na wasichana wa Ihanda wananiangalia."

Akiniita bibi badala ya mke mkubwa, najua mambo yamefika kwenye mfupa. Nikamuuliza atafanya nini. Akatafuna jani la kahawa, akalitema. "Nitawapitisha getini."

"Vizuri. Na mimi nakuja."

Babu akatoa kichwa mlangoni. "Wake zangu wote wawili wanaenda Tunduma? Nani atapika?"

"Mwenye njaa," nikamwambia.

Siku ya mechi Tunduma ilikuwa Tunduma. Malori yamepanga foleni mpaka macho yanachoka, vumbi, honi, wabadilisha fedha wanapunga mabunda ya kwacha. Watu wa Nakonde wamevuka kuja kuangalia, mmoja akaniona na ndoo yangu, akanisalimu kwa Kibemba. "Mayo, mulishani?" Bwino, nikamwambia, na nikamuuzia hindi moja. Nilikaa kwenye kigoda changu karibu na geti kubwa. Watazamaji walikuwa wanakata tiketi na kuingia mlango mdogo wa pembeni. Geti kubwa liko wazi kama mdomo wa mtu aliyelala, na hakuna anayelisogelea.

Timu ikafika. Mjukuu wangu mbele na begi la mipira, makuli nyuma. Walipoona anaelekea getini wakasimama wote, kama mbuzi wanaoambiwa wavuke mto.

Mwenyekiti akaondoa simu moja sikioni. "Kocha, ukipita hapo usirudi ofisini."

"Sina kiti ofisini," akasema. "Nina wachezaji." Akatia hatua.

Golikipa akamshika mkono. Hakumshika kwa ubaya, alimshika kwa hofu, jitu lile zima, na kiganja chake kina kovu jekundu. "Kocha, nakuomba. Usitangulie wewe. Mwanamke akitangulia sisi tumekwisha, watu watakusema wewe."

Hapo nikaona alivyobanwa. Akipita peke yake hawamfuati, na timu bila wachezaji si timu. Akirudi kwenye ukuta, kamati imemweka mfukoni. Nyuma gari la wapinzani, timu ya kutoka milimani upande wa Ileje, limesimama, nao wanachungulia madirishani waone nani atakanyaga.

Nikanyanyuka. Nikajitwisha ndoo, nikashika kigoda.

"Bibi, unakwenda wapi?" golikipa akauliza.

"Nakwenda kukaa. Hapa jua kali."

"Bibi, hapo pamewekwa kitu!"

"Kitu gani?"

Hakuna anayejua ni kitu gani. Hicho ndicho kilichonikasirisha.

"Sikilizeni," nikawaambia. "Mimi nimezika watoto. Nimejifungua njiani nikitoka shamba, peke yangu, nikakata kitovu na kufika nyumbani kupika. Mvua ya mawe imenikuta na gunia la kahawa kichwani. Hicho kitu chenu kina nini kipya cha kunionyesha?"

Nikaenda. Waliokuwa mlango mdogo wakaacha kukata tiketi. Nilipofika katikati ya geti nikatazama chini, maana mtu huangalia anapokanyaga. Palikuwa na maganda ya karanga na kizibo kimoja cha soda. Nikakipiga teke. Nikaweka kigoda palepale katikati, nikakaa, nikafunua ndoo.

"Njooni basi," nikawaita. "Mahindi yanapoa."

Akaanza mmoja kucheka, sijui nani. Golikipa akaja wa kwanza, anatembea kama mtu anayepita kwenye matope, akafika, akajishika kifua akaona bado yupo. Nikampa hindi. Wengine wakamfuata wakisukumana. Wa mwisho akapita mjukuu wangu na begi lake, akanibinya bega.

Sasa kilichofuata sikukitaka. Wale wa milimani waliniona nimekaa getini, nikila hindi langu taratibu, wakapiga kelele ndani ya gari: "Wameleta bibi! Wamemweka getini!" Wakateremka mbio kwenda nyuma ya vyoo, wakapanda ukuta, nahodha wao akachana bukta mpaka kiunoni. Uwanja mzima uliona chupi yake. Ya bluu.

Mechi ilikuwa ngumu, nisiwadanganye. Lakini lile jambo la mabega lilionekana hata kwangu mimi nisiyejua. Wale walizoea kuwapita makuli upande wao mbovu, wakaenda huko, na wakakuta mtu ameshageuka. Wanajaribu tena, ameshageuka. Kipindi cha pili mmoja wetu akaupokonya mpira hivyohivyo, akageukia upande ambao zamani hakuwa nao, akapiga pasi ndefu, na winga akaukwamisha wavuni. Moja bila. Mwishoni golikipa akaruka, akaupangua mmoja kwa ule mkono uliochanika.

Kipenga kikalia, watu wakamwagika. Wakaja kwangu. Wakanibeba na kigoda changu! "Bibi! Bibi!" Nawapiga na kifuniko cha ndoo waniteremshe, wanadhani nashangilia. Na kutoka kule juu mabegani nikamwona mjukuu wangu, peke yake upande wa pili wa uwanja, anaokota koni zake moja moja.

Mwenyekiti akanifuata na soda. Simu zote mbili mfukoni, ndiyo ujue.

"Bibi yetu," akanong'ona. "Umetumia nini?"

"Mahindi."

Akacheka, akanikonyeza. "Haya, yabaki moyoni mwako. Kocha atabaki kwa heshima yako. Na wewe kila mechi tutakufuata na gari, utakaa getini."

Kwa heshima yangu! Mtu ametembea kwenye vumbi la malori, amewabadilisha mabega, amewafundisha kugeuka mpaka wanatapika, halafu anabaki kwa heshima ya muuza mahindi. Nikamwambia, "Soda yako iweke chini. Mimi naenda kanisani kila Jumapili, si mganga wako. Mshukuru yule pale." Akatikisa kichwa kwa adabu kabisa. Hakusikia hata neno.

Nilikwenda mechi chache baada ya hapo, maana napenda mpira, niseme ukweli, naupenda kuliko harusi. Nilikuwa nakaa mbali na geti, na bado walikuwa wananitafuta kwa macho kabla ya kupita. Wakishinda, ni bibi. Wakitoka sare, bibi alikaa upande wa jua. Mjukuu wangu alikuwa anasema, "Mke mkubwa, achana nao, mradi wanapita." Alisema huku anacheka. Mimi nilimlea, najua anavyocheka akiwa anameza uchungu.

Ikaja mechi ya mwisho ya msimu. Wakishinda wanapanda daraja. Mwenyekiti akatuma gari Hasamba asubuhi, dereva kavaa shati jeupe.

"Bibi, nimetumwa kukuchukua."

"Mwambie aliyekutuma bibi anaanika kahawa."

"Bibi, nitafukuzwa."

"Basi kula kwanza, ufukuzwe umeshiba." Nikampa makande, nikamjazia parachichi kwenye buti, akaondoka bila mimi. Nilipoona vumbi la gari linaishia kwenye kona, miguu yangu yenyewe ilitaka kulikimbilia. Babu akaniuliza kama naumwa.

Mchana simu ikalia. Alikuwa mjukuu wangu, nyuma yake kelele za watu.

"Bibi. Wanakuulizia. Wamesimama getini hawapiti."

"Wewe unataka nije?"

Nikasikia honi ya lori kule kwake na kuku wangu huku.

"Hapana," akasema.

"Basi nini? Watu ni wako." Nikakata simu mimi, kabla sijabadili nia.

Nikageuza kahawa kwenye vichanja. Nikaigeuza tena, haikuhitaji. Babu akawasha redio yake, nikamwambia azime, redio gani itatangaza mechi ya makuli. Jua lilikuwa limeanza kuelemea upande wa mibuni simu ilipolia tena.

"Mlipita wapi?" nikauliza, hata salamu sikutoa.

"Getini."

"Nani alitangulia?"

"Mimi. Nikahesabu hatua mpaka nikaona nimebaki peke yangu. Halafu kipa akaja. Akawaambia wenzake, kama kocha hajafa, nyie nani."

"Matokeo?"

"Sare. Hatujapanda, mke mkubwa."

Nikakaa chini kwenye kichanja, juu ya kahawa, kitu ambacho ningempiga mtu mwingine akikifanya. Nililia kidogo na sikutaka babu aone. Lakini aliniita mke mkubwa. Nilisikia.

Mwenyekiti aliona ameokota dodo. Akaita kikao, akasema, mmeona? Bibi hakuja, hatukupanda. Kocha peke yake hana kitu, tutafute mwanaume. Hilo nilisimuliwa na golikipa mwenyewe, alikuja Hasamba kununua kahawa, akainama mlangoni. Anasema alisimama akamwambia mwenyekiti, "Mzee, msimu uliopita tulikuwa mkiani. Msimu huu tumekosa goli moja. Bibi hajawahi kunifundisha krosi. Mkimtoa huyu, tafuteni na watu wa kucheza, na tafuteni na watu wa kukupakulia malori." Na wote wakasimama. Mwenyekiti akapokea simu ambayo haikulia.

Kwa hiyo yupo. Msimu huu wanashinda, nyie wenyewe mnaona, na hapandi mtu ukuta. Kamati ya ufundi ipo bado, watu hawaachi ujinga kwa siku moja, ila sasa inakutana kwa kujificha kama wezi wa kuku.

Na mimi naenda mpirani. Nakata tiketi kama watu wengine, napita mlango mdogo wa pembeni, nabanana na vijana wa bodaboda. Juzi mmoja akanikodolea macho.

"Bibi, leo hupiti geti kubwa? Kuna nini?"

"Kuna mpira," nikamwambia. "Toa kiwiko chako."